Sundiata Keita, mfalme aliyetunzwa na midomo ya majeli

Kila inapotajwa dola ya Mali ya kale katika mazungumzo yetu, jina linalotangulia ni la Mansa Musa, yule aliyekwenda kuhiji mwaka 1324 akapitia Kairo na dhahabu nyingi hata habari zake zikabaki vinywani mwa watu kwa miaka. Mimi naona kwamba anayestahili kutajwa kwanza ni Sundiata Keita, aliyeiasisi dola hiyo karibu karne nzima kabla ya safari ile, na ambaye Musa alikuwa wa kizazi cha ndugu yake. Tena kuna tofauti nyingine inayonigusa zaidi. Musa tunamjua hasa kwa kalamu za Waarabu, ilhali Sundiata tumeletewa na watu wa kwao wenyewe, kwa midomo ya majeli, yaani wasimulizi wa kurithi wa Wamande, ambao kazi yao tangu zamani ni kuhifadhi nasaba, kusifu, kushauri, kusuluhisha na kupiga ala. Mfalme huyu hakuacha maandishi yoyote, na bado leo, baada ya takriban miaka 800, mtoto wa Bamako au wa Kankan anaweza kukutajia mama yake alikuwa nani na nani alimtukana.

Nchi ya Wamande iko sehemu za juu za mto Niger, pale ambapo sasa Mali na Guinea zimepakana. Mwanzoni mwa karne ya 13 dola ya Ghana, ambayo wenyewe waliiita Wagadou, ilikuwa imekwisha kudhoofika, na pengo lake lilikuwa likijazwa na Wasosso chini ya mfalme wao Soumaoro Kanté, wa ukoo wa wahunzi, mtu aliyeogopwa kwa silaha zake na kwa uganga wake pia. Aliyetawala eneo hilo alikuwa na mkono katika dhahabu ya machimbo ya nchi ya Bure na katika biashara ya kuvuka Sahara, kwa hiyo vita vilivyofuata havikuwa ugomvi wa vijiji viwili. Mwanahistoria Ibn Khaldun, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 14, anamtaja Sundiata kwa jina la Mari Jata, anasema ndiye aliyewashinda Wasosso, na anampa miaka 25 ya utawala. Pigano kubwa, lile la Kirina, huwekwa na wanahistoria karibu na mwaka 1235. Mengine karibu yote tumeyapata kwa majeli, na kila ukoo wa majeli una namna yake ya kuyasimulia.

Simulizi linaanza na mwanamke, na hapo ndipo ninapopenda kukaa. Mwindaji mwenye kujua mambo yaliyofichika alimtabiria mfalme Naré Maghan kwamba ataletewa mwanamke mwenye sura mbaya na kibiongo, na kwamba akimwoa, huyo ndiye atakayemzalia mtoto wa kuifanya Mali ijulikane. Mwanamke huyo akaja, akiletwa na wawindaji wawili kutoka nchi ya Do. Jina lake Sogolon. Mfalme akamwoa, mtoto akazaliwa, na utabiri ukaonekana kuwa mzaha, kwa sababu miaka ilipita na mtoto hakuweza kusimama. Alitambaa. Wenzake walikimbia na kuwinda, naye alijikokota uani, mzito wa kusema na mwenye kula sana. Mke mkubwa, Sassouma Bérété, ambaye mwanawe Dankaran Touman alikuwa mkubwa kuliko Sundiata, hakuficha furaha yake, na mfalme alipofariki, wazee waliuacha wosia wake wakamtawaza Dankaran Touman.

Kisa kinachofuata ndicho maarufu kuliko vyote, nacho kinatokea jikoni. Siku moja Sogolon aliishiwa majani ya mbuyu. Kwa Wamande majani hayo hukaushwa, hutwangwa, kisha hutiwa mchuzini kuuongezea uzito na ladha, nayo ni mahitaji ya kila siku, ya kuombana kwa jirani bila haya. Akaenda kwa mke mwenzake kuomba kidogo. Sassouma alikuwa na kibuyu kilichojaa, akampa, lakini akaongeza kwamba mwanawe yeye, alipofikisha umri wa miaka saba, ndiye aliyemchumia mamaye majani hayo, basi na achukue tu, maadamu mwana wa Sogolon hana uwezo. Sogolon alirudi akilia kwa hasira. Mtoto akamuuliza kilichomsibu, na aliposikia akasema kwamba leo atatembea, akaagiza fimbo ya chuma kutoka kwa mhunzi wa baba yake. Chuma kikaletwa, kizito mno, kikatupwa chini mbele ya nyumba. Akakishika kwa mkono mmoja, akapiga goti, akakishika kwa mikono miwili, jasho likamtoka, akajiinua mpaka miguu ikanyooka. Na kile chuma kilikuwa kimepinda mikononi mwake kama upinde. Kisha akaenda kuung'oa mbuyu mzima, akauleta begani na kuusimamisha mbele ya mlango wa mama yake, ili wanawake wote wa mji waje kuchuma hapo.

Wasimulizi wengi wa leo husimama kwenye nguvu za mtoto. Mimi nadhani mzigo wa kisa uko kwingine. Taifa kubwa la Afrika Magharibi limechagua kumkumbuka mwasisi wake kama mtoto mlemavu, mwana wa mwanamke aliyechekwa kwa umbo lake, na halikuona aibu kulisema hilo mbele ya wafalme kwa karne nyingi. Katika nasaba za kifalme mambo ya namna hiyo kwa kawaida hufichwa. Majeli hawakuyaficha, waliyaweka mlangoni kabisa mwa simulizi, na yeyote anayetaka kusikia habari za ushindi sharti apite hapo kwanza.

Baada ya hapo Sassouma alitafuta njia za kumwua kijana, na Sogolon akaamua kuondoka na wanawe. Walitangatanga kwa miaka, wakipokewa huku na kufukuzwa kule, mpaka wakafika nchi ya Mema, ambako mfalme Moussa Tounkara aliwakaribisha na kumfunza Sundiata vita. Huko huko Sogolon alifariki. Mfalme wa Mema, ambaye hakutaka kijana aondoke, alidai alipwe bei ya kiwanja cha kaburi. Sundiata akampelekea kikapu chenye vigae, manyoya ya ndege na majani makavu, na wajuzi wa baraza wakamfasiria mfalme kwamba hayo ndiyo yatakayobaki ya mji wake siku Sundiata atakapoujia kwa vita. Kaburi likatolewa.

Wakati huo Mali ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Soumaoro, na ndani ya Sosso, mji wa Soumaoro, alikuwamo mtu mmoja wa Sundiata: jeli wake, Balla Fasséké. Naré Maghan mwenyewe ndiye aliyemkabidhi mwanawe jeli huyo, kwa sababu kila mfalme alikuwa na jeli wake, na mwana wa jeli wa baba alikuwa jeli wa mwana. Dankaran Touman, kwa wivu au kwa hofu, alimtoa mikononi mwa Sundiata kwa kumtuma ubalozini kwa Soumaoro, naye Soumaoro akamzuia asirudi. Majeli husimulia kwamba siku moja, mwenyeji wake akiwa safarini, Balla Fasséké aliingia chumba cha siri ambamo Soumaoro alitunza hirizi zake, vichwa vya wafalme aliowaua, nyoka na bundi. Katikati kulikuwa na balafoni, ala ya vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya vibuyu, ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Akaketi, akapiga. Soumaoro, popote alipokuwa, alijua papo hapo kwamba ala yake inachezwa, akarudi mbio na silaha mkononi. Balla Fasséké hakukimbia wala hakuomba radhi. Aligeuza mdundo na kuanza kumsifu mfalme wa Sosso kwa maneno aliyoyatunga pale pale, mpaka upanga ukashuka. Soumaoro alipendezwa hata akatangaza kwamba tangu siku hiyo jeli huyo ni wake. Kuna masimulizi yanayoongeza kwamba alimkata mishipa ya miguu ili asitoroke.

Hapo ndipo vita vilipokuwa havina budi. Majeli wenyewe wanasema hivyo, na unaweza kudhani wanajipendelea, lakini ukitazama namna utawala wa Wamande ulivyoendeshwa utaona kwamba wana hoja. Mfalme hakusema na watu moja kwa moja. Alinong'ona, na jeli ndiye aliyelitoa neno likasikika. Jeli alijua ukoo upi una deni na ukoo upi, nani alimwokoa nani, kiapo gani kilivunjwa. Kumnyang'anya mfalme jeli wake kulikuwa kumnyang'anya kumbukumbu na sauti kwa pamoja.

Hata huko Kirina, ushindi haukupatikana kwa nguvu za Sundiata peke yake. Dada yake wa kwa baba, Nana Triban, ambaye alikuwa ameozwa kwa Soumaoro kwa lazima, alitoroka Sosso pamoja na Balla Fasséké akiwa ameichimbua siri: Soumaoro hapenywi na chuma, ila akiguswa na kikwaru, yaani ule mwiba wa mguuni, cha jogoo mweupe nguvu zake humtoka. Naye Fakoli, mpwa wa Soumaoro na jemadari wake, alikuwa amekwisha kumwasi mjomba wake kwa sababu alimpora mke. Mshale uliofungwa kikwaru hicho ulimparuza tu Soumaoro begani, akageuza farasi wake, na jeshi lake likatawanyika. Majeli wanasema alikimbilia mlima wa Koulikoro akatowekea humo. Ukiwahesabu waliomfikisha Sundiata kwenye kiti, utamkuta mama mwenye kibiongo, dada aliyeolewa kwa adui, mhunzi, msimulizi na jemadari mwasi.

Baada ya vita ulifanyika mkutano katika uwanda wa Kurukan Fuga, karibu na mji wa Kangaba. Wafalme walioungana naye walichomeka mikuki yao ardhini mbele yake, naye akawarudishia kila mmoja nchi yake, sasa wakiwa chini ya mansa mmoja, yaani mfalme mkuu. Ndipo, kwa mujibu wa majeli, koo zikapangiwa kazi na haki zao: wenye upinde na podo, wahunzi, watengeneza ngozi, wasimulizi, wenye elimu ya dini. Na hapo ndipo uliposimikwa uhusiano unaoitwa sanankuya.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kuelezwa sana sanankuya, kwa sababu ni utani, na ni utani ule ule wa ukoo kwa ukoo na kabila kwa kabila tunaoujua sisi. Mtu wa ukoo wa Keita akikutana na wa ukoo wa Coulibaly, ambao ni watani wake, wanaweza kuwa hawajawahi kuonana, na bado mmoja atamwambia mwenzake kwamba yeye ni mla maharage na mtumwa wake, na mwenzake atarudisha kwa kiwango hicho hicho, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa kukasirika ni kuvunja mila. Nimekua nikiwaona watani wetu misibani wakizuia jeneza lisitoke mpaka walipwe, wakivaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mbele ya wafiwa, na hao hao ndio waliokuwa mstari wa mbele kwenye kazi ambazo wafiwa hawaziwezi. Huko Mali mtani pia hutumwa kusuluhisha ugomvi, kwa sababu neno lake halikataliwi. Sijui urithi gani wa mfalme unaoweza kuuzidi huo: askari na kodi za Mali zimekwisha zamani, na watu wanaendelea kutaniana sokoni kwa kanuni ambayo wanaamini imetoka kwake.

Kuhusu kile kinachoitwa Hati ya Manden, yaani maagizo ya Kurukan Fuga, inafaa tuseme kwa uangalifu. Mwaka 2009 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na tangu hapo yamekuwa yakisambazwa mitandaoni kama katiba ya kwanza ya haki za binadamu duniani. Maandishi yenye vifungu 44 ambayo wengi huyanukuu yalipatikana katika mkutano wa majeli na watafiti uliofanyika Kankan, Guinea, mwaka 1998, na baadhi ya wanahistoria wanapinga kuyachukulia kama maneno ya mwaka 1236. Mimi nayaona kuwa na thamani kubwa hata hivyo, na thamani hiyo inapungua pale tunapoyasafisha kupita kiasi. Humo kuna agizo la kutowadhulumu wanawake, kwa kuwa ni mama zetu, na la kuwashirikisha katika uongozi. Lakini pia kuna kifungu kinachosema usimtese mtumwa, kwamba wewe ni bwana wa mtumwa, si bwana wa mfuko anaoubeba. Kifungu hicho kinatuonyesha utumwa ulikuwapo, ukiwekewa mipaka. Anayempenda Sundiata hana sababu ya kukificha, kama vile majeli hawakuyaficha maisha yake ya kutambaa.

Kifo chake kinasimuliwa kwa namna mbalimbali, huku wengine wakisema alipigwa mshale katika sherehe na wengine wakisema alizama katika mto Sankarani, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1255. Kando ya mto huo, karibu na mji wa Niani, kuna mahali penye maji ya kina panapoitwa kwa jina lake na kuheshimiwa mpaka leo. Alifuatwa na mwanawe, Mansa Uli, ambaye alikwenda kuhiji muda mrefu kabla ya Musa.

Ushahidi mzuri kuliko wote wa jinsi kumbukumbu ilivyokuwa ikitunzwa umetoka kwa msafiri ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia Mali mwaka 1352, enzi za Mansa Sulayman, nduguye Musa. Anaeleza kwamba siku ya Idi, wasimulizi waliingia mbele ya mfalme wamevaa mavazi ya manyoya, kila mmoja na kichwa cha ndege cha mbao chenye mdomo mwekundu, wakasimama na kumkumbusha mfalme wale waliokaa kitini pale kabla yake na mema waliyoyatenda, ili naye atende mema yatakayotajwa baada yake. Kisha mkuu wao akapanda ngazi, akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya mfalme, halafu begani kulia, halafu begani kushoto, huku akisema kwa lugha yao. Mgeni aliona mavazi yale yanachekesha. Akaambiwa kwamba desturi hiyo ni ya kale, ilikuwapo kabla ya Uislamu, nao wameiendeleza. Karibu miaka mia moja ilikuwa imepita tangu Sundiata afe, na mfalme Mwislamu, mwenye misikiti na makadhi, bado alikubali kuguswa mabega na jeli mbele ya hadhara.

Ile balafoni nayo haikupotea. Inaitwa Sosso-Bala, ina vipande 20 vya mbao na urefu wa kama mita moja na nusu, na inatunzwa na ukoo wa Kouyaté, kizazi cha Balla Fasséké, katika kijiji cha Niagassola huko kaskazini mwa Guinea. Mlinzi wake ndiye mwenye ruhusa ya kuipiga, na huipiga katika siku maalumu kama mwaka mpya wa Kiislamu na baadhi ya mazishi. Kangaba, upande wa Mali, kuna nyumba takatifu iitwayo Kamablon, ambayo kila baada ya miaka saba vijana huiezeka upya kwa nyasi katika sherehe ya siku tano, na majeli wa ukoo wa Diabaté kutoka kijiji cha Kela husimulia humo historia ya Wamande. Mpango huu wa kugawana ulinzi, ala kwa ukoo mmoja, usimulizi kwa mwingine, nguvu kazi kwa rika la vijana, ndio uliofanya hazina hiyo isiangamie kwa kuanguka kwa mji mmoja au kwa kufa kwa mtu mmoja.

Mwaka 1960 mwanahistoria wa Guinea, Djibril Tamsir Niane, alichapisha kwa Kifaransa simulizi alilolipokea kwa jeli Mamadou Kouyaté, na kwa kitabu hicho Sundiata akaingia madarasani duniani kote. Mwaka huo huo koloni lililoitwa Sudani ya Kifaransa lilipata uhuru wake na kuchukua jina la Mali, na rais wake wa kwanza alikuwa Modibo Keita.

Keita mwingine ndiye anayenifanya niamini kwamba urithi huu bado unajadiliwa na wenyewe kwa wenyewe. Salif Keita, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1949, ni wa ukoo wa mfalme, na kwa desturi ya Wamande mtu wa ukoo huo hupaswa kuimbiwa, si kuimba, kwa kuwa kuimba ni kazi ya majeli. Tena alizaliwa na ualbino, akatengwa tangu utotoni. Alipoingia katika bendi huko Bamako miaka ya 1970, watu wa kwao waliliona kama fedheha kwa jina la Sundiata. Leo ni miongoni mwa waimbaji wanaoheshimiwa zaidi barani, ameanzisha taasisi ya kuwatetea watu wenye ualbino, na wapo majeli wanaosema bado kwamba kazi ile haikuwa yake. Wanapolisema hilo wanalinda mpango wa Kurukan Fuga kama walivyokabidhiwa, naye anaposimama jukwaani anasimama kama mwana wa nyumba ile ile iliyomchukua mtoto asiyeweza kutembea ikamfanya mfalme; mimi nampa haki yeye.